Ruhusa ya Sindano Butu

3 Februari

Ndugu Fundi,

Habari za kazi? Wewe hunijui, lakini mimi nimeishi nawe miaka ishirini na miwili. Usishtuke, naeleza.

Mimi ni mwalimu wa falsafa chuo kikuu, mwanamke wa miaka sitini kasoro miezi mitatu, na hiyo mitatu ikiisha nastaafu. Nilipokuwa nasomea digrii ya tatu, nilikuwa nashinda kwenye baraza moja la intaneti walikokutana mafundi cherehani wa nchi mbalimbali. Cherehani yenyewe siijui, hata kutunga uzi siwezi. Nilichofuata kule ni kuona watu wasiojuana, kila mmoja na adabu za kwao, wanavyosemezana. Siku moja akaingia mgeni, akaandika: "Inakata uzi. Nifanye nini?" Hujambo hakuna, tafadhali hakuna. Wenyeji wakamrukia kama kuku mgeni. Ndipo fundi mmoja aliyejiita Sindano Butu akaandika mistari miwili ya kumtetea, na baraza zima likapoa.

Mistari hiyo ndiyo iliyonipa digrii, kazi na kitabu. Sura ya tatu, kurasa arobaini nzima, imesimama juu yake. Kitabuni nimekuita Mshiriki wa Saba.

Baadaye nikawa mwenyekiti wa kamati ya maadili ya utafiti. Kazi yetu ni kuwabana watafiti: maneno ya mtu, hata kama kayaandika hadharani kwenye intaneti, usiyabebe mpaka umwombe. Nimewarudishia watu kazi zao mpaka wamelia. Mwezi uliopita binti mmoja wa mwaka wa pili akanyoosha mkono darasani: "Mwalimu, na huyu Mshiriki wa Saba, ulimwomba?" Sikuwahi kukuomba.

Nakuomba sasa. Tarehe 28 Aprili natoa mhadhara wa kuaga, na baada ya hapo kitabu kinachapwa upya. Ukikubali, jaza fomu iliyomo ndani ya bahasha. Ukikataa, mistari yako inatoka, sura ya tatu inatoka nayo, na sijui siku hiyo nitasimama kusema nini. Lakini kukataa ni haki yako, wala sababu hudaiwi.

Sanduku lako la posta nimelipata kwenye kurasa za zamani za baraza, ulipowahi kulitangaza duka lako. Nisamehe na hilo pia.

Wako kwa heshima,
Mwalimu wa Falsafa


17 Februari

Mheshimiwa Profesa,

Barua yako imenikuta na pini sita mdomoni, nampima mteja suruali. Niliposoma nikazitema zote. Mteja ameruka mpaka kwenye rafu ya vitambaa.

Nimekubali! Nimekubali mbele na nyuma! Kumbe miaka yote hii nimo kitabuni, na hapa mtaani watu wananiona fundi wa kupunguza suruali tu. Nimeshamwambia kinyozi jirani yangu, muuza magazeti, mwenye duka la vifungo, na yule mwalimu mkuu mstaafu anayejiona ndiye peke yake aliyesoma. Kinyozi anasema natia chumvi. Nimemwonyesha muhuri wa chuo, akanywea.

Ila nina lalamiko. Mshiriki wa Saba! Kwani mimi mfungwa? Mtu akiazima maneno yangu, na jina alibebe. Wewe unaona umenisitiri, mimi naona umenivika gunia kichwani. Niandike Sindano Butu, na kama nafasi ipo ongeza kwamba nashona sare za shule. Halafu nijibu hili: wale sita wa kwanza ni akina nani, na walisema jambo gani kubwa mpaka wakanitangulia?

Mistari yenyewe naikumbuka vizuri mno. Hata hivyo niandikie kama ilivyo kitabuni, nijue wachapaji hawakuiharibu. Na kitabu nitumie. Fomu nimeisaini mara tatu, maana saini ya kwanza haikupendeza. Pale panapouliza "Je, umeelewa haki zako?" nimejibu "Sana."

Mke wangu hajui kitu. Yuko kwa dada yake mpaka mwezi ujao. Akirudi nataka akute kitabu mezani, akome kusema intaneti ilinipotezea muda.

Wako katika uandishi,
Sindano Butu


26 Februari

Ndugu Sindano Butu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma nimekaa, halafu nikaenda kuwasomea idara nzima (nimeruka habari za mke wako, usijali). Umenitua mzigo usioujua uzito wake.

Kitabu hiki hapa. Na mistari yako ndiyo hii:

"Msimgombeze. Kaingia na cherehani mikononi. Salamu ameiacha mlangoni. Mwacheni atue kwanza, ataifuata."

Kwayo nikajenga nilichokiita Falsafa ya Mlango: kwamba kila anayetoka kwenye maongezi ya kwao na kuingia ya wenzake kuna kitu anakiacha kizingitini, na mwenyeji mwema hukilinda mpaka arudi kukichukua. Wanafunzi wameteseka sana na huo mlango. Hebu niambie, siku ile ulikuwa unawaza nini? Miaka ishirini na miwili nimewaeleza watu ulichowaza, na sasa ndiyo kwanza nakuuliza.

Lile gunia lako limenikaa kichwani. Tumezoea kuficha majina ya watu na kuita heshima. Sikuwahi kumuuliza aliyefichwa kama anapumua humo ndani.

Njoo mhadharani. Nitakuweka kiti cha mbele.

Mwalimu


12 Machi

Mheshimiwa Profesa,

Kitabu kimefika. Asante. Ni kizito.

Mistari nimeisoma. Ndiyo yenyewe, wachapaji hawakuharibu.

Kuhusu nilichokuwa nawaza, nilikuwa nawaza mengi. Miaka nayo imepita. Nadhani nilikuwa nawaza mlango, kama ulivyoandika.

Mhadharani sitaweza kuja, huu ni msimu wa sare. Na hiyo Mshiriki wa Saba, nikiitazama vizuri, si mbaya. Unaweza kuiacha.

Kitabu nimekiweka juu ya kabati la vitambaa, kwa usalama. Mke wangu amerudi.

S. Butu


20 Machi

Mwalimu,

Mimi ni mke wa fundi. Jana nilikuwa natafuta bitana juu ya kabati, kikaniangukia kitabu begani. Kilikuwa kimefungwa kwa utepe mwekundu wa kupimia. Nikakifungua palipowekwa alama, nikakuta maneno yangu.

Sijasema maneno ya mume wangu. Nimesema yangu.

Enzi zile mimi nilikuwa napiga pasi nguo za wateja humo humo dukani, kwa pasi ya mkaa. Nikisubiri ipate moto nilikuwa nakaa kwenye kompyuta yake nasoma walichoandika mafundi. Neno lake la siri lilijulikana na mtaa mzima. Siku nyingine nikiona jambo nalijibu, kisha narudi kwenye pasi yangu. Yeye naye aliandika, sikatai. Yake ni yale ya kusifu mafuta ya mashine. Na siku ile, mwalimu, aliyetangulia kumrukia yule mgeni alikuwa yeye. Kaangalie. Mimi nilikuwa nafuta uchafu wake.

Nimemuuliza. Kwanza akasema, "Kwani akaunti si yangu?" Kisha akasema alikubali kwanza ndipo akaiona mistari, na alipoiona alishawaambia watu, kinyozi akiwemo, na angeuweka wapi uso wake. Nimemwonea huruma kidogo, halafu ikaniisha.

Wewe ndiwe mwenyekiti wa kuomba ruhusa. Umekaa miaka ishirini na miwili, ukazinduka, ukaomba, na ulipoomba ukamwomba mwenye duka! Fomu ile ichane. Mimi sijakuruhusu.

Na kurasa arobaini nimezisoma zote. Mlango, mlango, mlango. Nani alikwambia habari ni ya mlango?

Mpiga Pasi


29 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Nakuita dada kwa kukisia tu. Kama nimekosea, niongezee kwenye orodha ya makosa yangu.

Nilipomaliza barua yako nilicheka mpaka katibu muhtasi akaja kuchungulia kama niko salama. Nilipoacha kucheka aibu ikanishika. Kwenye mwongozo wa kamati yetu kuna kanuni ya nne, niliyoiandika kwa mkono wangu: "Hakikisha unayemwomba ndiye mwenye maneno." Nimewaangusha watu kwa kanuni hiyo. Mimi mwenyewe niliona jina limeandikwa juu ya mistari, nikafikiri nimemwona mtu; hata lile shambulio la kwanza lenye jina hilo hilo nililisoma, nikadhani mtu kajirudi tu.

Fomu nimeichana. Nimemwandikia mchapaji asimamishe kazi, sura ya tatu inatoka. Mhadhara bado wiki nne na sasa una tundu katikati. Inaniuma, sitakudanganya, ile sura ndiyo ujana wangu. Lakini sikuombi mara ya pili. Kumrudia mtu aliyekwisha kataa ni kumsukuma, na hiyo ni kanuni ya sita.

Kuuliza tu naruhusiwa. Kama si mlango, ni nini?

Mwalimu


8 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nina sitini na saba, umekisia vizuri.

Nyumbani kwetu tulikuwa madobi, mama na shangazi zangu wote. Chumba cha pasi kilikuwa na sheria moja: mwenye pasi ya moto mkononi hasalimii wala hasalimiwi mpaka aiweke chini. Ukigeuka kumjibu mtu, umeunguza shati la watu au umejiunguza mwenyewe. Sisi kwetu kunyamaza vile ndiyo ilikuwa adabu.

Nikaolewa huku. Wiki ya kwanza mama mkwe akaja dukani. Nilikuwa na pasi juu ya suti ya mteja, tena kwenye kola. Nikanyamaza, nikamaliza kola, nikaiweka pasi kwenye kigae, nikageuka nimpe shikamoo kwa magoti yote mawili. Alishaondoka. Miezi minane hakunisemesha. Aliwaambia watu mwanawe kaoa gogo. Hakuwa mama mbaya, na baadaye tulipendana mpaka mume wangu akaona wivu. Ila siku ile aliutazama mdomo wangu, mikono hakuitazama.

Ndiyo maana yule mgeni alipoandika "Inakata uzi," mimi nilimwona kabisa, kashika mashine inayomsumbua, pengine mteja kamsimamia. Habari ni ya mikono, mdogo wangu. Mlango niliuweka tu ili sentensi isimame.

Sasa nikuulize na mimi. Nani alikwambia utoe sura? Nilisema sijakuruhusu, sikusema nimekukatalia. Tofauti hiyo kanuni zenu hazina?

Nitakuja kukusikiliza. Nikishasikia ndipo nitasaini, au nisisaini. Mpaka hapo, maneno yangu usiyatamke.

Mume wangu anabaki na sare zake. Nimempa adhabu: kila aliyejitapa kwake, akamwambie ukweli kwa mdomo wake. Muuza magazeti ameshaambiwa.

Mpiga Pasi


2 Mei

Shemeji,

Mkeo bado yuko kwangu, anarudi Jumamosi. Nimeona nikuandikie kabla hajafika, maana yeye atakupunjia hadithi, sifa zake atazikata kama nyuzi zilizozidi.

Siku yenyewe nilipanga kumpokea mlangoni. Lakini lifti ikagoma, nikapanda ghorofa nne kwa miguu, nikaingia ukumbini nimechelewa, moyo juu. Mkono mmoja kompyuta, kwapani makaratasi, mkono wa pili glasi ya maji, na miwani nimeing'ata kwa meno. Nikapita moja kwa moja hadi jukwaani, nikaanza.

Nikasoma vizuri mpaka lilipofika lile tundu. Kwenye karatasi nilikuwa nimeacha mistari miwili mitupu. Nikawaambia: "Hapa pana maneno ya mtu. Yamenilisha kwa miaka ishirini na miwili. Sina ruhusa ya kuyasema, kwa hiyo tutanyamaza kwa muda ule ambao yangechukua kusemwa." Watu mia mbili wakanyamaza. Mkuu wa kitivo akatazama viatu vyake. Nami nikasimama pale, shemeji, nikiwaza kwamba kazi yangu yote imekuwa kimya cha sekunde kumi.

Kiti kikalia huko nyuma karibu na mlango. Akasimama mama mmoja kavaa gauni lililopigwa pasi mpaka linang'aa. Sikuwa nimewahi kumwona, lakini lile gauni lilitosha.

"Mimi nimekaa hapa tangu saa tatu," akasema. "Mwalimu wenu kanipita hivi, hata jicho hakunitupia. Huyu binti pembeni yangu akaninong'oneza, 'Mama, msamehe, huwa hana maringo.' Nikamwambia, mtazame mikono. Kompyuta, makaratasi, maji, na mdomoni miwani. Hiyo salamu angeitolea wapi? Salamu ameiacha mlangoni. Mwacheni atue kwanza, ataifuata."

Nikaweka glasi. Nikaweka makaratasi na miwani. Nikashuka jukwaani, nikaupita ukumbi wote mpaka mlangoni, nikapiga goti, nikasema, "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umetua?"

"Nimetua."

Ukumbi uliinuka. Binti wa pembeni yake alikuwa yule yule wa mwaka wa pili aliyeniuliza swali, na alikuwa analia huku anapiga makofi. Mimi nililia wazi, sioni cha kuficha. Sijawahi kufurahi hivi tangu nishike chaki.

Halafu mkeo akaomba fomu. Usidhani alisaini tu! Aliisoma kipengele kwa kipengele mbele ya watu wote, akakwama kwenye cha tano, akanitaka nikieleze kwa lugha ya watu. Nilijaribu mara mbili. Mara ya tatu akasema, "Sasa hapo," akasaini mara moja tu. Pale palipoandikwa Mshiriki wa Saba akapiga mstari, juu yake akaandika: Mpiga Pasi.

Nimestaafu Ijumaa, na sura ya tatu nimeshaanza kuiandika upya. Mlango umebaki ukurasa mmoja. Zilizobaki ni za mikono. Kila nikimaliza kurasa tano nampa anisomee, na kalamu yake nyekundu haina huruma.

Shemeji yako,
Mwalimu


14 Mei

Shemeji,

Mwenye nyumba, yaani mke wangu, amefika salama. Kitabu kimeshuka kutoka juu ya kabati, sasa kiko kwenye meza ya pasi, na wateja wanakishika kwa idhini yake tu.

Adhabu yangu imekwisha leo. Muuza magazeti alicheka. Mwenye duka la vifungo alicheka akanipa soda. Mwalimu mkuu mstaafu hakucheka, alisema alishuku tangu mwanzo kwa sababu ya sarufi. Kinyozi nilimweka mwisho kwa kuwa nilimwogopa.

Nimeingia kwake asubuhi hii, roho mkononi, nikaanza pale pale: "Yale maneno hayakuwa yangu, yalikuwa ya mke wangu, na wa kwanza kumshambulia yule mgeni nilikuwa mimi, na nimekudanganya, nisamehe." Kimya. Alikuwa na wembe shingoni mwa mtu. Zamani ningechukia, ningesema ananidharau. Safari hii nikasubiri. Akamaliza shingo, akaufuta wembe, akauweka kwenye sahani.

"Nilijua," akasema. "Wewe huwezi kumtetea mtu asiyesalimia. Mwezi uliopita ulimfukuza mteja kwa kosa hilo hilo."

Nikakubali. Ni kweli.

"Na leo," akasema, "mbona na wewe umeingia bila salamu?"

Shemeji, nikaitazama mikono yangu. Haikuwa na kitu.

Nikatoka hadi mlangoni, nikaingia upya.

Mume wa Mpiga Pasi